Nimewaandikia watu insha miaka saba, sasa mtafiti anataka kunihoji. Nimjibu nini?

BintiKibokoni

Salaam jamani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, tutaonana mbele.

Kuanzia 2016 hadi mwanzoni mwa 2023 nilikula kwa kuandika. Si riwaya wala habari za gazeti. Niliwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha, ripoti na tasnifu, wakaweka majina yao juu, wakapata alama, wengine najua wamepata na digrii. Nairobi sikumsikia mtu akiita jambo hili udanganyifu. Ukiulizwa unafanya kazi gani unasema "naandika onlaini", na mwenye nyumba anaridhika kwa sababu kodi inaingia.

Nilikuwa nakaa Kahawa Wendani, chumba kimoja na wasichana wawili niliosoma nao. Wote watatu tuliandika. Mchana tunalala, saa tatu usiku tunawasha kompyuta, maana kwa mteja wa Ohio, Marekani, hiyo ndiyo kwanza saa nane mchana. Stima zikikatika unamwona mtu mzima anakimbia barabarani na laptopu kifuani kama amebeba mtoto mgonjwa, anatafuta pa kumalizia oda ya saa saba.

Akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa ya bosi aliyeinunua kwa mwenzake, na huyo mwenzake aliifungua kwa jina la Kizungu. Mteja analipa kama dola 18 kwa ukurasa, kampuni inakata chake, bosi anakata chake, mimi naangukiwa na shilingi 300. Mteja akilalamika akarejeshewa pesa, bosi anakufyeka wewe, hata na kwenye kazi ambazo hazikuwa na kosa. Waliopita huko wanajua refandi ilivyokuwa inaua.

Sasa basi. Wiki mbili zilizopita nimetafutwa na mtafiti wa sosholojia anayechunguza waandishi kivuli wa Kenya. Kanitumia fomu ya ridhaa, kurasa nne. Kipengele cha saba kinauliza: ungependa kutajwa kwa jina lako halisi au jina la kubuni?

Nimekikodolea macho siku kadhaa hicho kipengele. Miaka saba, kurasa maelfu, na hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza nataka jina gani.

Kuna oda mbili ambazo nikikubali mahojiano najua nitazisema, kwa hiyo acha nizitoe hapa kwanza nione zinavyosikika.

Ya kwanza ni 2019. Kurasa nane kuhusu muziki wa wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki, vyanzo kumi, vyote viwe vya kitaaluma. Nilicheka peke yangu usiku ule. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Bibi yangu amepiga vugo, zile pembe za kina mama zinazogongwa kwa kijiti, kwenye harusi tangu msichana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naandika kitu ninachokijua bila kugugo.

Sehemu ya taarab ilikuwa maji ya kunywa. Sultani Barghash kumpeleka mtu Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kikundi cha Ikhwani Safaa kuanzishwa 1905, Siti binti Saad kutoka kuuza vyungu Fumba hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Yote yameandikwa, chukua ukurasa, weka mwaka, funga mabano. Nilipofika kwenye vugo nikampigia bibi simu. Akanisimulia saa nzima. Kwamba pembe haigongwi kwa nguvu: ukiipiga kwa hasira inasema ko, ukiulegeza mkono inalia. Kwamba wimbo unatungwa kwa fumbo hadi anayesemwa ajijue, na akienda kulalamika aulizwe, "Kwani umetajwa?" Kwamba mtaa mmoja ukishona kanga za rangi moja, mtaa wa pili haulali.

Niliyaweka yote. Ndiyo aya nzuri kuliko zote nilizoandika miaka ile. Siku tatu baadaye kazi ikarudi kwa marekebisho, mwalimu wa huko kaweka alama pembeni ya aya ileile: chanzo kiko wapi? Ningeandika mawasiliano binafsi, lakini mteja wangu ni kijana wa Ohio, bibi wa Kibokoni kampata wapi? Basi nikatafuta kitabu kimoja cha Kiingereza kilichosema jambo linalokaribiana, nikabandika jina lake na ukurasa mwishoni mwa sentensi za bibi. Mwalimu akaridhika. Kijana akapata A na akaniongezea dola tano ambazo sikuziona.

Ya pili ni fupi ila ndiyo inayoniamsha usiku. Wauguzi. Walioandika wanajua, nusu ya oda zilikuwa za wanafunzi wa uuguzi wa Marekani. Mimi nilikuwa bingwa wa sera ya uwiano wa wauguzi na wagonjwa. California ilipitisha sheria yake 1999, ikaanza kutumika 2004, leo muuguzi wa wodi ya kawaida hapewi zaidi ya wagonjwa watano. Utafiti wa Linda Aiken wa 2002 naukariri kama Fatiha: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Nimeiandika sentensi hiyo kwa namna kumi na moja tofauti ili mashine ya kukamata wizi isinishtukie.

Mwaka 2017 wauguzi wetu wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni, karibu miezi mitano. Shangazi alikuwa amelazwa. Tukamhamisha hospitali ya kulipia. Insha tano za uwiano wa California, kurasa sita sita, zililipa kitanda chake siku mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, laptopu magotini, naandika kwamba serikali inayojali maisha haiwezi kumwachia muuguzi mmoja wagonjwa wengi. Kwa niaba ya muuguzi mtarajiwa ambaye hakutaka kuisoma.

Nikubali mahojiano au niachane nayo?

Mzee_wa_Vijisenti

Naweka kiti, chai na kitafunwa. Uzi huu nausoma na wa majirani.

Kamba_Mbili

Dada, samahani, mimi sina maneno matamu. Umeshiriki kuzalisha wauguzi ambao hawajasoma. Kesho mmoja anamchoma mtu sindano isiyo yake, wewe uko hapa unalia na pembe za bibi. Kila kazi ya aibu ina hadithi ya shangazi mgonjwa nyuma yake.

BintiKibokoni

Kamba_Mbili, sijakataa. Soma tena, nimesema inaniamsha usiku.

Mwalimu_Mstaafu

Binti, kwanza hongera kwa kuandika vizuri, na hiyo nayo ni sehemu ya tatizo lako.

Nimefundisha chuo kikuu miaka thelathini, Dar, na nimekaa kwenye kamati za udanganyifu wa mitihani hadi nikachoka. Naomba nikueleze kwa nini nadhani uende ukahojiwe.

Tafiti za udanganyifu wa wanafunzi si za jana. William Bowers wa Marekani aliuliza wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo 99, akachapisha 1964, akakuta watatu katika kila wanne wamewahi kudanganya angalau mara moja. Miaka ya 1990 akaja Donald McCabe, akarudia rudia maswali hayo kwa vyuo vingi. Hiyo kazi yako wewe ikapewa jina la kitaalamu, "contract cheating", mwaka 2006, pale Birmingham, na wahadhiri wawili wa kompyuta, Robert Clarke na Thomas Lancaster. Walikuwa wanaperuzi tovuti ya watu wa kuajiri waandika programu, wakakuta wanafunzi wanatangaza maswali ya darasani humo kama zabuni. Yaani wanafunzi walitangaza tenda kama halmashauri inayojenga choo!

Halafu 2018 Philip Newton wa Chuo Kikuu cha Swansea, Uingereza, akakusanya tafiti 65 zenye washiriki 54,514, za kuanzia 1978. Wastani wa waliokiri kulipa mtu awafanyie kazi ulikuwa asilimia 3.5, lakini kwenye sampuli za kuanzia 2014 ukafika asilimia 15.7. Magazeti yakadaka hiyo 15.7, hadi leo inatembea kama nambari ya sensa. Mimi nawaambia vijana wangu: soma imepatikanaje. Nyingi ni sampuli za yeyote aliyekuwepo darasani siku hiyo, na swali lenyewe ni "wewe ni mwongo?" Anayedanganya kwa pesa akidanganya na kwenye dodoso hupaswi kushangaa. Newton mwenyewe aliyasema madhaifu hayo. Australia, timu ya Tracey Bretag iliuliza wanafunzi 14,086 wa vyuo vikuu vinane, ikapata karibu asilimia 6, tena ikijumlisha mambo mengine zaidi ya kununua.

Bretag alifanya jambo zuri: akatafuta kinachoendana na udanganyifu. Vikatoka vitu vitatu. Kutoridhika na ufundishaji, kuona kwamba nafasi za kudanganya ziko tele, na kuwa na lugha nyingine nyumbani isiyo Kiingereza. Hicho cha kwanza walimu wenzangu hukiruka wakinukuu.

Sasa angalia, katika nambari zote hizo nani amehesabiwa? Mnunuzi. Muuzaji hana safu kwenye jedwali. Wewe ndiye safu isiyokuwepo.

Na kuhusu bibi yako: tafuta kazi ya Margaret Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, 1979. Ina ngoma ya lelemama, ina vyama vya kina mama na ushindani wao, na aliipata kwa kukaa na kuwahoji wanawake wa mji huo. Maneno ya kina bibi yalikwishaingia maktaba, ila kwa mlango wa mtu mwingine.

BintiKibokoni

Mwalimu, shikamoo. Nimecheka, halafu nimenyamaza. Kitabu nilichobandika kwenye sentensi za bibi… ngoja nisiseme.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Usiseme, nimeshajua.

Dereva_wa_Usiku

Mimi niko upande wa pili wa kaunta.

Uingereza, 2018, shahada ya pili. Usiku napanga maboksi ghalani, asubuhi darasani nasinzia. Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa cha Kayanza, Burundi, niseme ukweli, tumesoma kwa Kifaransa sisi. Ikabaki siku nne, insha mbili. Nikalipa pauni 120.

Kazi ilikuja nzuri kupita kiasi. Profesa akaniita ofisini, mpole kabisa, akafungua ukurasa wa pili, akaniuliza neno moja nililolitumia lina maana gani. Nilitazama zulia. Nakumbuka lilikuwa la kijivu lenye doa la chai umbo la ndizi. Nikasema sijui. Akaniambia rudia kazi, alama ya juu utakayopata ni ya kufaulu tu. Nikairudia mwenyewe, nikapata 50, na ndiyo alama ninayojivunia hadi leo.

Sasa nasoma huu uzi najiuliza, kumbe pauni zangu zilipanda ndege kuja Nairobi! Dada, ni wewe ulioniandikia neno lile?

BintiKibokoni

Kama ni neno gumu lisilo na sababu, huyo ni mwenzangu wa kitanda cha juu. Yeye alikuwa na daftari la maneno, analitumia moja kwa kila ukurasa kama chumvi.

Mkusanyaji

Naomba niingize la fildi, kwa sababu wote mnazungumza kama uongo wa kitaaluma unaanzia darasani.

Mimi nilikuwa mkusanya takwimu kwenye mradi mmoja wa utafiti wa afya, pwani huku, sitautaja. Kazi: kaya kumi na nne kwa siku, dodoso la kurasa 22, kwa miguu, jua lile mnalijua. Nauli ya boda ilikuwepo kwenye bajeti, mfukoni kwetu haikufika. Siku moja nafika kwa mama mmoja, ziara ya tatu hiyo, nakuta amezika mtoto juzi yake. Dodoso linataka nimuulize wiki iliyopita nyumba hii imekula samaki mara ngapi. Nikamsalimia, nikakaa naye kidogo, nikaondoka. Nikaenda chini ya mwembe nikajaza mwenyewe: samaki mara mbili, nyama hakuna, chandarua ndiyo.

Tuliita kupika data. Wengine walipika kwa uvivu, sikatai. Wengine walipika kwa sababu walichoka kuwauliza watu walewale maswali yaleyale bila kuwapa hata panadoli.

Kuna profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, Patricia Kingori, yeye na mwenzake Rene Gerrets walichapisha 2016 utafiti kuhusu sisi hasa, wafanyakazi wa fildi wa tafiti za tiba Afrika. Hawakutuita wezi wakaishia hapo. Walionyesha kwamba kupika data kunahusiana na jinsi mtu anavyolipwa, anavyosimamiwa na anavyoheshimiwa. Huyohuyo Kingori baadaye ndiye aliyewafuata waandishi kivuli wa Kenya, watu wa aina yako dada. Nilipoliona hilo sikushangaa. Ni kazi moja: unazalisha elimu, jina la mwingine linakaa juu.

Kamba_Mbili

Mkusanyaji, kwa hiyo mgonjwa anayepewa dawa kwa kutegemea samaki wako wa mwembeni afanye nini? Aheshimu hisia zako?

Mkusanyaji

Swali zuri. Ndiyo maana niliacha.

Nusukaputi

Kamba_Mbili ana hoja, na sina hamu ya kuizunguka. Mimi ni daktari wa ganzi na usingizi. Nawapa kisa cha fani yangu.

Ujerumani alikuwepo mkubwa mmoja, Joachim Boldt, Ludwigshafen. Alichapisha makala mamia. Nyingi zilisifu aina ya dripu yenye wanga, ambayo kwa wagonjwa mahututi ilipigiwa debe kuliko maji ya chumvi ya kawaida. Mwaka 2009 akatoa makala wasomaji wakaona nambari zake zimenyooka mno, damu ya binadamu haina adabu kiasi kile. Wakauliza. Ikachunguzwa, makala ikafutwa 2010, akafukuzwa kazi, na uchunguzi ukaendelea hadi makala zake zilizofutwa zikapita 150.

Mnaona kazi ya maana ilianzia hapo. Mwongozo wa matibabu haujengwi kwa makala moja, unajengwa kwa kuzirundika pamoja na kupiga hesabu. Watafiti waliporudia hesabu 2013 bila makala za Boldt, picha ikageuka: wanga ule kwa wagonjwa mahututi uliendana na vifo zaidi na figo kuharibika zaidi. Data zake zilikuwa zimetia sukari kwenye chungu kizima. Ulaya walibana matumizi yake hatua kwa hatua, 2022 wakasimamisha idhini kabisa.

Sasa linganisheni. Boldt alikuwa na jina, ofisi, wanafunzi, mwaliko wa kila kongamano. Mkusanyaji alikuwa na mwembe. Binti Kibokoni alikuwa na benchi la wodi. Kila mtu na mzigo wake, lakini mimi sikubali mizigo hiyo ipimwe kwa mizani ambayo wa juu kabisa hapandi.

Ila dada, usijifariji sana na mimi. Ile ya wauguzi ni mbaya.

BintiKibokoni

Daktari, nimepokea. Jambo moja tu la kuongeza, si la kujitetea. Muuguzi aliyeko wodini Ohio hapimwi kwa insha yangu peke yake; ana mtihani wa leseni na anafundishwa kwa mikono. Nilichomsaidia kuruka ni sehemu ya kufikiri: kwa nini sera iko hivi, nani aliipigania, nani anaumia ikivunjwa. Nikiwaza hivyo nafarijika dakika mbili, halafu naona hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi ningemtaka muuguzi wa shangazi awe nayo.

Wakili_Asiye_na_Kesi

Upande wa sheria kwa ufupi. Ireland ilitunga sheria 2019, Australia 2020 ikaweka hadi kifungo cha miaka miwili, England ikafuata kwa sheria ya Aprili 2022. Zote zinamlenga anayetoa huduma na anayeitangaza. Mwanafunzi anaachiwa chuo chake. Kwa hiyo kwenye karatasi, mhalifu wa insha ya mwanafunzi wa Melbourne ni mtu wa Wendani aliyepata shilingi 300. Kumkamata ni hadithi nyingine, hakuna difenda ya polisi wa Australia Thika Road.

Mzee_wa_Vijisenti

Difenda ya Australia 😂 Wakili rudi kazini.

Chuma_Chakavu

Nyie bado mnabishana kuhusu soko ambalo limekufa. ChatGPT imetoka tarehe 30 Novemba 2022. Nani ananunua insha leo?

BintiKibokoni

Chuma, nimeishi hiyo tarehe. Desemba tulidhani ni likizo ya Krismasi. Januari tukasubiri. Februari bosi akaacha kupokea simu, na Machi wenzangu wakauza meza. Kilichobaki sokoni ni kazi ya "kuiondolea uroboti": mteja analeta iliyoandikwa na mashine, wewe unaikosea kosea ionekane ya mtu. Nilifanya mbili nikaona hapana. Kuandika uongo mzuri nilikuwa naweza. Kuchafua uongo wa mashine nikashindwa.

Na kichekesho kingine. Januari hiyohiyo ya 2023 jarida la TIME likaripoti kwamba Wakenya walikuwa wamelipwa chini ya dola mbili kwa saa kuisomea mashine hiyo maandishi machafu ili ijifunze kuyakwepa. Yaani tumelipwa kuandika, halafu tumelipwa kumnoa atakayetuondoa.

Mwalimu_Mstaafu

Na mitego ya kuikamata mashine nayo imeanza kula wasiohusika. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, kwenye programu saba za ukaguzi. Kwa wastani zaidi ya nusu zilipigwa muhuri wa mashine. Kiingereza sahili, cha sentensi fupi, kinachotoka kwa mtu aliyejifunza darasani, kwao ni dalili ya uroboti. Dereva_wa_Usiku angeandika kazi yake mwenyewe leo, na ile 50 yake angeinyimwa.

Turudi kwenye swali la binti. Unaenda?

BintiKibokoni

Nimechelewa kurudi, samahanini. Nilienda Alhamisi.

Tulikutana mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, nyuma ya meza zinazotazama maji. Mtafiti ni binti mdogo kuliko nilivyodhani, ana kinasa sauti mbili, moja ikizima. Aliuliza vizuri. Aliniuliza bei, saa, akaunti, bosi. Aliniuliza najionaje, nikamwambia ile ya wauguzi kama nilivyoiandika hapa, sauti ikakata, tukaagiza maji.

Ilipofika ya vugo akaacha kuandika. Akauliza kama anaweza kuongea na bibi. Kibokoni ni hatua chache, nikasema twende.

Bibi ana miaka 84, macho hafifu, ulimi mzima. Akamweleza pembe, kanga, mafumbo, akamwimbia na ubeti mmoja ambao mimi mjukuu wake sijawahi kuusikia na sitauandika humu, kwa sababu anayesemwa ana wajukuu na wamo humu jukwaani. Akamaliza, binti wa watu akatoa fomu ileile, akamsomea kwa Kiswahili hadi kipengele cha saba. Jina halisi au la kubuni?

Mimi yangu nilikuwa nimeshajaza: la kubuni.

Bibi akasema, "Kubuni? Kwani mimi nimeiba? Andika langu lote, na la babangu, na la babake babangu. Na mtaa."

Nafasi ya jina ni mstari mmoja. Ikabidi ageuze karatasi, aandike nyuma.

Nusukaputi

Mpe bibi salamu zangu.

Kamba_Mbili

Na zangu. Wewe bado nakudai, ila bibi hana deni.

BintiKibokoni

Zimefika zote.

Fainali_Uzeeni

Dada pole na hongera. Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Niko mwaka wa mwisho hapa Dodoma, msimamizi wangu hajibu meseji tangu Machi. Sura ya kwanza hadi ya tatu nimeandika mwenyewe kabisa. Ya nne huwa unachukua shilingi ngapi?

BintiKibokoni

Nimestaafu, mdogo wangu.

Fainali_Uzeeni

Hata majedwali tu?